Besi ya Kirando na Kisanduku cha Efekti

Yanapotajwa maneno "utamaduni wa taifa", aghalabu mawazo yetu hukimbilia ngoma za mababu, ngonjera, mavazi ya sherehe na vyombo vilivyohifadhiwa makumbusho. Ni nadra mtu kufikiri juu ya kisanduku kidogo kinachokanyagwa kwa mguu na mpiga gitaa la besi. Hata hivyo, mimi niishiye hapa Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, nimeshuhudia watu kumi na mmoja wa kikundi kimoja cha muziki wakibishana kwa majuma kadhaa juu ya kisanduku cha namna hiyo, na kwa maoni yangu ubishi ule ulikuwa wa utamaduni tangu mwanzo wake hadi mwisho. Hapana shaka ulikuwa pia ubishi wa fedha, kwani fedha zenyewe zilikuwa za wote na zilikuwa chache. Lakini chini ya hesabu za shilingi palikuwa na swali jingine: besi yetu iwe na sauti gani, na nani aamue?

Kwa faida ya msomaji asiyekifahamu chombo hiki, yafaa nieleze kwanza kazi yake. Gitaa la umeme halina sauti ya kutosha lenyewe. Uzi unapotetemeka juu ya sumaku, huzaliwa umeme hafifu sana, na umeme huo hupita katika waya kwenda kwenye amplifaya, ambayo huukuza mpaka spika itikisike. Kisanduku cha efekti hukaa katikati ya safari hiyo. Huupokea ule umeme hafifu, huutengeneza upya kisha huupeleka mbele. Kinaweza kuusawazisha, kuupunguzia uzito, kuuongezea mwangwi, kuuongezea sauti ya chini zaidi, au kuufanya ukwaruze kama koo la mtu aliyelia usiku kucha. Hapo zamani kila kazi ilikuwa na kisanduku chake, na mpiga gitaa mwenye uwezo alipanga visanduku vitano au sita miguuni pake kama muuza viungo sokoni. Katika miaka ya 1990 makampuni ya Japani, ikiwamo Zoom ya Tokyo, yalianza kuuza visanduku vidogo vya bei ya wastani vilivyokusanya kazi hizo zote mahali pamoja, vikiwamo vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili ya besi. Leo mtu anaweza kukiweka kimoja katika mfuko wa koti.

Sasa tuiangalie besi yenyewe, maana mtu asiyejua kazi ya besi hawezi kuichagulia kisaidizi. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde. Uzi mnene wa besi hutetemeka mara 41, yaani nusu yake. Leo Fender wa Marekani alianza kuuza gitaa lake la besi la umeme mwaka 1951, na tangu hapo lile dude kubwa la mbao lililosimamishwa wima kama mlango likaanza kuondoka katika bendi nyingi za dansi duniani. Kwetu Afrika ya Mashariki besi ya umeme ilikuta nafasi yake imekwisha andaliwa. Katika ngoma zetu nyingi iko ngoma kubwa isiyosema maneno mengi. Ngoma ndogo hupiga domo, hukimbia, hurudi, huchokoza wachezaji. Ile kubwa husema neno moja na kunyamaza, kisha husema tena. Mchezaji hufuata ile kubwa kwa miguu na zile ndogo kwa mabega.

Mtu akisikiliza kwa makini dansi ya Tanzania ya miaka ya 1970 na 1980 atausikia mpango huohuo. Besi haitembei mfululizo. Hutoa sentensi fupi, hukatika, huacha shimo, na katika shimo lile magitaa ya solo na ridhimu hupenya yakisukana. Mpigaji kama Suleiman Mwanyiro alijulikana kwa besi, wala si kwa wingi wa sauti zake bali kwa mahali alipoziweka. Wanafunzi wangu wanapojaribu kuiga nyimbo hizo, kosa lao la kwanza ni kuogopa kimya. Huyajaza mashimo yote, na wimbo unakuwa mzito kama uji uliopikwa na mtu mwenye haraka.

Yafaa tukumbuke kwamba rumba yenyewe iliwahi kutiliwa shaka. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, alisikitika kwamba wengi waliosoma walijivunia kujua dansi za Ulaya na Amerika ilhali ngoma za kwao hawakuzijua. Neno lile lilikuwa la haki. Lakini angalia yaliyofuata. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU, na watu wakaishika kwa jina la mtindo wake, Msondo, ambalo ni jina la ngoma. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 na kuchukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam mwaka 1983, ikaitwa Sikinde, na Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Chombo kilitoka ng'ambo, mapigo ya msingi yalipita Kuba na Kongo, lakini watu walikipa chombo jina la nyumbani na kukilazimisha kuzungumza kwa adabu ya nyumbani. Sijui mfano bora zaidi wa taifa kujichagulia sauti.

Tena tusisahau nani alinunua vyombo. Katika miaka ile bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya chama, shirika, jeshi au polisi. Mpigaji alilipwa mshahara, na gitaa alilopiga halikuwa lake. Akiondoka kwenda bendi nyingine, aliliacha. Fedha za kigeni zilipoadimika mwishoni mwa miaka ya 1970, chombo kilichoharibika kilitengenezwa mara nyingi kuliko kilivyobadilishwa. Mpiga besi wa wakati huo hakukaa kuchagua kati ya visanduku vitatu. Alipiga kilichokuwapo, na ufundi wake wote ulikuwa katika vidole. Mzee mmoja wa hapa kwetu, aliyepata kupiga besi katika bendi ya shirika la umma kabla ya kurudi nyumbani ziwani, alituambia wazi siku ya kikao cha kwanza, "Wanangu, besi ni vidole. Nunueni nyuzi mpya, fedha itakayobaki nunueni mafuta ya jenereta." Tulimheshimu, tukacheka kidogo, lakini hakuna aliyeweza kumjibu upesi.

Kirando ina sababu zake za kuwa na masikio ya namna yake. Atokaye Sumbawanga huipita Namanyere, kisha barabara huacha ubaridi wa uwanda wa juu wa Ufipa na kuteremka kwenye joto la ufukoni. Mbele yako ni maji, na ng'ambo ya maji ni Kongo, upande wa Moba. Kwa hiyo watu wa mwambao huu walisikia muziki wa Kongo kwa njia mbili: kwa redio, kama Watanzania wengine, na kwa watu wenyewe waliovuka na mitumbwi na maboti, wakiwa na nguo za kuuza, habari na nyimbo. Kijana wa hapa hukua akidhani sebene ni ya kwao, naye hakosei sana. Hivyo kikundi chetu kinapopiga, mkono mmoja uko Dar es Salaam, mwingine uko ng'ambo, na miguu iko katika mchanga wa Kirando.

Kazi zetu hufuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikishakuwa kali, wavuvi wengi hukaa nchi kavu, na hapo ndipo harusi na dansi huwekwa. Mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, sherehe zilipungua na sanduku letu la fedha halikuongezeka hata kidogo. Nalitaja hili ili msomaji aelewe kwa nini watu kumi na mmoja walibishana kwa majuma mazima. Fedha iliyokusanywa ilikuwa jasho la misimu miwili. Ikitumiwa vibaya, isingepatikana nyingine upesi.

Vilivyofikishwa mbele ya kikao ni visanduku vinne, na nitavitaja kwa majina ya madukani ili mwalimu mwenye kikundi shuleni apate kunufaika. Cha kwanza ni HX Stomp cha kampuni ya Line 6 ya Marekani. Cha pili ni GT-1B cha Boss ya Japani. Cha tatu na cha nne ni vya Zoom: kimoja kiitwacho MS-60B, kidogo kinachoenea katika kiganja, na kingine kiitwacho B1 Four, chenye ukubwa wa daftari nene.

Mtetezi wa HX Stomp alikuwa kijana wetu wa solo. Alikuwa amesikia sauti zake kwa simu, na alikuwa na hoja ambayo singependa kuidharau. "Mwalimu," aliniambia kwa heshima, "sisi wa kijijini kwa nini tununue kile kidogo kila siku? Tukirekodi, msikilizaji wa Nairobi hataambiwa kwamba hawa ni watu wa Kirando, awasamehe." Maneno hayo yalinichoma. Ni kweli kwamba kisanduku kile kina sauti safi sana, na wapiga besi wengi wa kulipwa duniani wanakitumia. Tena kudhani kwamba watu wa pembezoni wanastahili tu vya hali ya chini ni ugonjwa tuliorithi, nao haujapona.

Lakini bei yake ni mara kadhaa ya kile cha Zoom, na zaidi ya bei kuna chakula chake. Kinahitaji umeme wa volti 9 kutoka katika adapta yake yenye uwezo wa ampia 3, wala hakina mahali pa betri. Hapa ndipo nilipowaomba wenzangu tuache kuzungumza juu ya sauti kwa muda, tuzungumze juu ya umeme.

Atauliza msomaji: amplifaya nayo si inatumia umeme? Ikizimika, kisanduku kinachoendelea kuwaka kina faida gani? Swali ni la haki, na jibu lake nimelipata kwa kupiga, si kwa kusoma. Jenereta ya sherehe aghalabu haizimiki kabisa, hukohoa. Taa hufifia, hurudi. Amplifaya yetu, iliyo ya kizamani, hurudi papo hapo. Kisanduku cha kidijiti, ambacho ndani yake ni kompyuta ndogo, hujizima na kuanza kuamka upya, nacho huchukua sekunde kadhaa kabla hakijapitisha sauti. Katika chemko la wimbo, sekunde kadhaa bila besi ni muda mrefu mno. Bibi harusi amekwisha geuka kuangalia kuna nini. Tena adapta za bei nafuu zinazouzwa badala ya zile za asili huleta mvumo ndani ya spika, na mvumo huo hukaa palepale penye sauti za besi. Betri hazina mvumo. Ziko jambo la tatu pia: tukienda kupiga Kabwe au Kipili kwa boti, kila adapta ni kitu kimoja zaidi cha kulowa.

GT-1B hutumia betri nne ndogo, zile za ukubwa unaotumika katika saa za ukutani. MS-60B hutumia mbili. B1 Four hutumia nne, na watengenezaji wake wanasema kwamba zikiwa za alkalini huenda saa 18. Betri za ukubwa huo zipo katika kila duka la Kirando, hata lile linalouza nyavu na sabuni tu. Zile za bei ya chini huisha mapema zaidi, lakini hata zikienda nusu ya muda ule zinamaliza harusi na mkesha. B1 Four hukubali pia umeme wa waya wa simu, kwa hiyo benki ndogo ya umeme ya kuchajia simu, iliyojazwa mchana kwa sola, inakitosha. Hoja hiyo ya betri ndiyo iliyokiondoa kile cha Marekani, wala haikuwa hoja ya ushamba. Mwenzetu wa Dar es Salaam, anayepiga katika ukumbi wenye umeme wa uhakika na anayelipwa kwa kurekodi, angefanya vyema kukinunua.

Tulipofika kwenye sauti zenyewe, nilijikuta upande wa mzee kuliko nilivyotarajia. Visanduku hivi vinajisifu kwa hesabu: efekti 50, efekti 70, zaidi ya hizo. Kati ya hizo mpiga besi wa dansi au wa kwaya anahitaji tatu au nne.

Ya kwanza ni kompresa. Kazi yake ni kuishusha sauti iliyozidi ili ikaribiane na ile iliyo ndogo, hata kila neno la besi litoke na uzito wa kulingana. Nikiwafundisha wanafunzi hutumia mfano wa hapa kwetu. Wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma katika tanuri refu la udongo liitwalo ilungu, ambamo moto ulivuta hewa wenyewe bila mivukuto. Bonge lililotoka humo lilikuwa chuma kweli, lakini limechanganyika na takataka. Lilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, likachomwa tena kwa mivukuto na kusafishwa, ndipo lifae kwa jembe. Vidole ni ilungu. Kompresa ni kintengwe. Na kama ilivyo kwa chuma, tanuri dogo haliwezi kutoa kitu ambacho lile kubwa halikuyeyusha. Kompresa ikizidishwa huua pia tofauti ya nguvu na upole ambayo mpigaji aliikusudia, na besi hubaki imenyooka kama bomba.

Ya pili ni ile ya kuongeza na kupunguza sauti za chini, za kati na za juu. Hii ndiyo iliyonisaidia zaidi, na cha ajabu nimeitumia hasa kupunguza. Katika kanisa au ukumbi wenye paa la mabati na kuta za saruji, mitetemo iliyo chini ya 60 kwa sekunde hugonga kuta, hurudi na kurundikana, hata mtu wa nyuma asikie ngurumo asiyoweza kuifuata. Kijana asiyejua huongeza besi ili isikike, na ngurumo huzidi. Dawa ni kinyume: ipunguze ile ya chini kabisa, uipandishe kidogo ile ya kati, kiasi cha mitetemo 700 au 800, na papo hapo vidole vinasikika. Wanakwaya wenyewe waliniambia kwamba sasa wanaisikia besi inawaonyesha njia, ilhali kipimo cha besi nilikuwa nimekipunguza.

Ya tatu ni tyuna, yaani kipimo cha kukazia nyuzi, ambacho si efekti kwa hakika lakini kimo ndani ya visanduku vyote vinne. Kwa kikundi kinachotoka kwenye joto la ufuko asubuhi na kupiga Sumbawanga penye baridi jioni, nyuzi hulegea na kukaza njiani, na kipimo hiki peke yake kinastahili nusu ya bei.

Kuhusu oktava, ile inayoongeza sauti ya chini mara mbili, vijana waliipenda sana dukani. Naomba wanafunzi wa fizikia wafanye hesabu. Uzi mnene ni mitetemo 41. Nusu yake ni 20 na kitu, na hapo ndipo mpaka wa sikio la binadamu. Spika yetu ni moja, ya inchi 12. Haiwezi kuitoa sauti hiyo; hutikisika tu, hula nguvu za amplifaya na kuharibika kabla ya wakati. Korasi, ile inayofanya sauti iwe kama ya watu wawili, ilipamba magitaa ya solo ya miaka ya 1980 na ipambe hukohuko. Ndani ya besi huziba yale mashimo niliyoyasema. Na kuna sauti nyingi zinazoiga amplifaya maarufu za Marekani, kama Ampeg SVT ya mwaka 1969, mtambo wa wati 300 uliotengenezwa kwa ajili ya viwanja vikubwa. Ni sauti nzuri. Lakini mtu anayezunguka vifungo akitafuta kufanana na mtambo ambao hajapata kuuona, katika ukumbi ambao haungeutosha, amesahau kumsikiliza mpiga ngoma aliye kando yake.

Hadi hapo MS-60B ilikuwa inatosha. Ni ndogo kupita zote, inakula betri mbili tu, na mtu anaweza kuificha mfukoni akilala ndani ya boti. Kilichobadili uamuzi wa kikao ni mtu ambaye hakuwa amezungumza.

Katika kikundi chetu yupo binti wa kidato cha tatu anayejifunza besi. Kwa kawaida wasichana hupewa kuimba, basi. Huyu alikuja kuimba, akawa anakaa karibu na amplifaya kila mazoezi, mpaka mzee yule niliyemtaja akampa gitaa ashike. Ana mkono mzuri na, jambo lililo adimu, haogopi kimya. Lakini gitaa la besi bila amplifaya halifundishi, na amplifaya hukaa kwa mwenyekiti wa kikundi. Nyumbani kwao ni vyumba viwili na mtoto mchanga. Alipoulizwa maoni yake, aliamkia wakubwa kwanza, kisha akauliza jambo moja tu: "Kipi kinaweza kusikilizwa na mtu mmoja?"

MS-60B haina tundu la kusikilizia kwa masikio. GT-1B inalo, na B1 Four nayo, maana tundu lake la kutolea sauti hupokea pia vidude vya masikioni. Zaidi ya hayo B1 Four ina midundo ya ngoma 68 iliyohifadhiwa ndani, ambayo mtu anaweza kuipiga pamoja nayo peke yake usiku, na uwezo wa kurekodi sekunde 30 na kuzirudia ili mtu ajisikie mwenyewe. Midundo hiyo mingi ni ya roki, funki na jazi, na hakuna mtu wa Ufipa aliyeulizwa wakati wa kuipanga. Hata hivyo mapigo yanayokwenda sawasawa bila kuchoka ni mwalimu mkali na mwaminifu, na mwanafunzi akishajua kusimama juu ya mapigo ya mgeni hatatetereka juu ya mapigo ya mpiga ngoma wetu, ambaye naye huharakisha akiona watu wamechangamka.

Kijana wa solo alitetea tena, safari hii akiitaja GT-1B kwa sababu ina kanyagio la kusukuma kwa unyayo na vifungo vitatu vya mguu. Ni chombo imara na kizuri, na kama fedha zingeongezeka ningekubali. Lakini mchanga wa hapa na vumbi la dagaa huingia kila penye bawaba, na kwa nyimbo zetu lile kanyagio lingekaa bila kazi. Mwenyekiti aliuliza nani angeweza kubeba fedha iliyobaki ili inunuliwe seti ya nyuzi. Kwa swali hilo watu walielewa kwamba uamuzi umekwisha fanyika. Mzee alipata nyuzi zake. Mafuta ya jenereta yatasubiri.

Kisanduku ni cha kikundi. Kwa siku za mazoezi na sherehe hukaa miguuni pangu. Siku nyingine hukaa kwa binti, ndani ya ndoo yenye mfuniko kwa sababu ya panya na unyevu, pamoja na daftari ambamo kila anayekitumia huandika tarehe na betri zilizowekwa. Baadhi ya wenzetu walinung'unika kwamba mali ya wote imepewa mtoto. Niliwajibu kwamba vyombo vya bendi za zamani navyo vilikuwa mali ya wote, na wengi wa waliotufundisha walijifunzia humo.

Kina nafasi 50 za kuhifadhi sauti zilizokwisha pangwa, nacho kilipofika zilikuwa na majina ya Kiingereza ambayo wengi wetu hatukuyaelewa. Tumezifuta nne. Ya kwanza tumeipa jina KANISA, ile yenye sauti za chini zilizopunguzwa kwa ajili ya mabati. Ya pili ni HARUSI, ya nje, isiyopunguzwa kitu. Ya tatu ni MZEE, ambayo haina efekti yoyote ila kompresa kidogo sana. Mzee aliisikiliza, akasema bado imezidi. Ya nne aliipanga binti mwenyewe na bado hajaipa jina. Anasema ataipa siku atakapopiga wimbo mzima mbele ya watu, katika mbalamwezi ijayo, mwenyekiti akiruhusu.